Shamba "limezuiwa": limezuiwa na nani?

Barabara ya Kangundo ikishatoka Nairobi hupita Joska, Malaa na Tala kabla ya kufika Kangundo yenyewe, na njia nzima mtu husoma ukutani na kwenye mabati maneno yaleyale yaliyopakwa kwa rangi: "Shamba hili haliuzwi." Hiyo ni sentensi isiyo na lawama. Mwenye shamba amesema, basi. Taabu huanza ukimuuliza jirani kulikoni, naye akakujibu: "Hilo limezuiwa."

Limezuiwa na nani? Ndugu wa mwenye shamba? Mahakama? Afisi ya ardhi? Au kuna mgogoro wa mirathi ambao haujafika popote? Neno limefunga mlango wala halisemi ni nani aliyetia komeo. Mimi ni Mpwani, nasomesha Kiswahili huku Kangundo, na kwa miaka niliyokaa hapa nimeliona neno hili likifanya kazi ya maneno sita. Kwetu pwani hali si nzuri zaidi, maana redio, magazeti na barua za serikali hutulisha "zuia" asubuhi na jioni. Nataka tulifungue hapa, ndugu msomaji, kwa sababu kuna watu wanaopoteza pesa na haki zao hapohapo, kwenye kitenzi kilichofichwa mtendaji wake.

Zuia yenyewe

Wazee wengi wa pwani hutamka kuzuwia, kwa w, na ndivyo utakavyolikuta katika maandishi mengi ya kale. Maana yake ya msingi ni kusimamisha kitu kilicho katika mwendo, au kumfanya mtu asitende alilotaka kutenda. Mtu huzuia pumzi, huzuia machozi, huzuia gari lisibingirike kwa kutia jiwe chini ya gurudumu. Hujizuia asile, hujizuia asiseme. Katika mifano hiyo yote kuna nguvu mbili, moja inayotaka kwenda na nyingine inayoishika.

Lakini zuia haihukumu. Mlinzi humzuia mwizi, na mwizi naye huuzuia mlango ili mwenye nyumba asitoke. Kitenzi ni kilekile. Ukiambiwa "amezuiwa" hujajua bado kama mtu huyo amedhulumiwa au amenusuriwa, na kama mtendaji hakutajwa hutajua kamwe.

Kuna jambo la sarufi ambalo wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Twasema "alimzuia asiende". Mbona kuna kanusho mara ya pili, ilhali kuzuia kwenyewe ni kukanusha? Jibu langu ni kwamba sehemu ya kwanza yataja kitendo cha mzuiaji na ya pili yataja matokeo kwa aliyezuiwa: hakwenda. "Alimzuia kwenda" nayo hutumika sana siku hizi na haina kosa kubwa. Iliyo mbovu ni "alimzuia aende", ambayo huiona katika insha na, kwa bahati mbaya, katika taarifa za afisi. Hapo msomaji habaini kama mtu alishikwa asiende au alishikwa ili aende.

Kutokana na zuia tunapata zuilia, ambayo ina ladha yake. Kumzuilia mtu mshahara ni kukishika kilicho chake kisimfikie. Na polisi "wanamzuilia mshukiwa" kituoni, yaani wanamshika mahali. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya kazi. Kwa hiyo anayesema "ndugu yangu anazuiliwa" ana haki ya kuuliza saa, na kuanzia wapi.

Majina yaliyozaliwa hapo ni kizuizi, kizuio na zuio. Kizuizi ni kitu au sharti: cha polisi barabarani, cha mawe, cha umri. Zuio limekwenda zaidi upande wa amri, hasa ya mahakama. Wengine huyachanganya, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayeumia. Kizuizini ndilo linalohitaji kusimama kidogo.

Kizuizini si gerezani

Gerezani mtu hupelekwa baada ya hukumu. Kizuizini hupelekwa bila hukumu, au hata baada ya kuimaliza. Tofauti hii Kangundo inaijua kwa jina la mtu. Paul Ngei, aliyekuja kuwa mbunge wa Kangundo kwa miaka mingi, alikamatwa Oktoba 1952 pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai na Achieng Oneko. Kesi ya Kapenguria ilipokwisha Aprili 1953 walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu. Hicho kilikuwa kifungo. Oneko alishinda rufaa yake, lakini hakuachwa huru. Tangu siku hiyo hakuwa mfungwa tena, alikuwa mtu aliye kizuizini. Waliobaki walipomaliza kifungo chao mwaka 1959 walihamishiwa Lodwar wasitoke. Adhabu ilikuwa imekwisha na mlango haukufunguliwa.

Upande wetu wa pwani tuna kinyume chake cha kulinganisha. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alishtakiwa, akahukumiwa mwaka 1969, akatumikia miaka 3, na mashairi aliyoyatunga humo ndiyo yaliyotoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Watu humwita aliyekuwa "kizuizini". Hapana. Dhuluma ilikuwapo, lakini ilipitia kwa hakimu, na kuisema ilivyo hakupunguzi uzito wake. Ukimwita kila aliyefungiwa mtu wa kizuizini, unamfutia yule wa Lodwar jambo lililokuwa baya kupita yote katika habari yake, kwamba hakukuwa na tarehe ya kutoka.

Na pwani ndiko walikoletwa wengi. Hola, mahali walipouawa watu 11 waliokuwa kizuizini tarehe 3 Machi 1959, iko Tana River. Manyani iko Taita. Kisiwani Manda, mkabala wa Lamu, palikuwa na kambi. Kabla ya hayo yote, mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe na kuwapiga mnada, ikisema mifugo ni mingi na udongo unakwisha. Watu kwa maelfu, wake kwa waume, walishuka hadi Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu, ambaye leo mtaa wa Nairobi una jina lake, alikamatwa akapelekwa Lamu. Wazee wa Kikamba wanapoitaja Lamu, basi, hawaitaji kama mji wa milango ya nakshi na maulidi. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilinyamaza.

Ngei ana kisa kingine kinachohusu neno letu. Mwaka 1975 mahakama ilibatilisha ushindi wake wa uchaguzi wa 1974, na sheria ikamfungia njia ya kugombea kwa miaka 5. Desemba mwaka huohuo Bunge likabadilisha katiba ili rais apate uwezo wa kumsamehe mtu adhabu ya namna hiyo. Akasamehewa, akarudi bungeni. Wanasheria bado wanayaita mabadiliko hayo kwa jina lake. Kizuizi cha kisheria kilikuwapo, kilikuwa cha haki kwa kadiri ya sheria ya siku ile, na kiliondolewa kwa ajili ya mtu mmoja. Ndipo ujue kwamba "aliondolewa kizuizi" nayo, kama "alizuiwa", haikwambii kama haki imetendeka.

Kinga, jirani aliyesahauliwa

Sasa tuje kwenye neno ambalo Kangundo hulionyesha kuliko kamusi yoyote. Kukinga ni kuweka kitu katikati ili kinachokuja kikomee hapo. Mtu hukinga uso kwa mkono, hukinga jua kwa mwavuli, na mvua ikinyesha hukinga maji kwa ndoo chini ya mchirizi. Tazama huo mfano wa mwisho. Maji yamesimamishwa kwa sababu yanatakiwa. Kila palipo na kinga pana kitu au mtu nyuma yake anayefaidi, na ndiyo maana neno limekubali kwa urahisi kazi zake mpya: kinga ya mwili, chanjo ya kukinga, kinga ya rais aliye madarakani dhidi ya kushtakiwa kwa jinai. (Kinga ya methali, ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo", ni neno jingine, hicho ni kijinga cha moto.)

Miteremko ya Kangundo imekatwa matuta ngazi kwa ngazi, juu hadi chini, mahindi na kahawa vikisimama juu yake. Kiswahili sanifu huyaita makingamaji. Namna yake iliyoenea zaidi Machakos imepewa jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo duniani hulitumia bila kulitafsiri: fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo unaochimba unautupa upande wa juu. Hapo hujengeka tuta. Mvua ikija, maji hutulia nyuma ya tuta na udongo hutua pamoja nayo, na baada ya miaka ardhi iliyokuwa mteremko hulala kama ngazi. Ukiutupa udongo upande wa chini ni fanya chini. Kazi hii wakoloni walijaribu kuilazimisha na ikachukiwa. Watu wenyewe wakaja kuifanya kwa mwethya, yaani ujima wa Kikamba, na mlima ukashika.

Juu ya tuta kama hilo nimesikia mashauri barazani kwa chifu. Jirani wa juu alisema, "Nimekinga maji yangu." Jirani wa chini, ambaye kidimbwi chake kilikuwa kimekauka, alisema, "Amenizuilia maji." Tuta ni hilo moja, na wote wawili walisema kweli. Karani aliandika kwamba mshtakiwa "amezuia maji", na kwa neno hilo moja akawa amekwisha kumhukumu mtu wa juu bila kujua. Mzee mmoja ndiye aliyeuliza maji yanayozidi hutokea wapi. Shauri likawa mtaro wa kutolea maji, ukakubaliwa upite mpakani, na wote wawili wakaenda zao.

Karibu na kinga kuna kingama, ambayo haina mtendaji kabisa: mti umekingama njiani, gari limekingama darajani. Neno zuri kwa wanaotangaza habari za barabara. "Barabara imezuiwa na mti" humpa mti nia asiyokuwa nayo.

Pinga, kwaza, ziba, kataza

Haya nitayapita mbio. Kupinga asili yake ni kuweka kitu kukingama, kama kipingo cha mlango, kisha likahamia kwenye rai na maneno. Mpinzani hakuzuii, anasimama mbele yako akisema. Pingamizi ni hilo likiandikwa na kutiwa muhuri. Kikwazo kinatokana na kukwaa: mguu umegonga, huenda umeanguka, lakini njia bado ipo, na ndiyo maana wazee waliona heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kuziba ni kwa tundu na ufa. Kukataza na kupiga marufuku ni kwa mdomo au kwa kalamu. Aliyekukataza bado hajakuzuia. Anayekuzuia ni yule mwenye fimbo, ufunguo au muhuri. Serikali ikisema "tumezuia uvuvi" wakati imetoa tangazo tu, imekataza. Kama imezuia au la, kawaulize wavuvi.

Neno la mirathi

Kwa Waislamu wa pwani kuna elimu nzima inayozungumzia kuzuia, na ina msamiati wake. Ni hajb katika mirathi, shina lilelile tulilopata kwalo hijabu. Maana yake ya asili ni kusitiri, kuweka pazia katikati. Mrithi wa karibu huwa pazia mbele ya wa mbali. Mtoto wa kiume wa marehemu akiwapo, ndugu wa marehemu hawapati kitu, na mjukuu wa kwa mwana hapati. Huko ni kuzuiwa kabisa. Lakini kuna kuzuiwa nusu. Mume hurithi nusu mke asipoacha mtoto, na robo akiacha. Mke hurithi robo, au thumni kukiwa na watoto. Mama hushuka kutoka thuluthi hadi sudusi. Na wako sita wasioweza kuzuiwa kabisa na mrithi yeyote: baba, mama, mume, mke, mwana na binti.

Nayaeleza haya kwa sababu ya sentensi moja ninayoisikia sana misibani: "Binti amezuiwa na kaka zake." Kwa lugha ya mirathi hilo haliwezekani. Kaka yake humbadilishia hesabu, akawa apata fungu moja na kaka mawili, lakini kumzuia hawezi. Kama binti hakupata kitu, basi amenyimwa, au amedhulumiwa, au amezuiliwa chake, na hayo ni maneno ya kumpeleka kwa kadhi. "Amezuiwa" humrudisha nyumbani, akidhani ni sheria.

Shamba lililozuiwa

Mwaka jana mama mmoja wa Mombasa, jamaa yangu kwa mbali, alinisomea kwa simu ujumbe alioletewa na dalali. Alikuwa amelipia sehemu ya bei ya kipande cha ardhi upande huu wetu. Ujumbe ulisema: "Mama, hiyo plot imezuiwa kidogo, subiri." Lililonishtua ni hilo "kidogo". Nilimwambia asisubiri. Alipe ada, afanyiwe upekuzi wa rejista, ile ambayo kila mtu huiita sachi, kisha aniambie kilichoandikwa.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina namna tatu za kuifunga rejista, na zote tatu katika mazungumzo huitwa kuzuia. Ya kwanza ni amri ya mahakama. Jaji au hakimu anaamuru kwamba lisiandikwe lolote juu ya ardhi ile kwa muda fulani, au mpaka jambo fulani litokee, au mpaka amri nyingine. Hili ndilo ningeliita zuio, na neno hilo ningelihifadhia hapo tu. Linaondoka kama amri yenyewe ilivyosema, au kwa amri nyingine.

Ya pili watu huiita kosheni, na Kiswahili chake kizuri ni tahadhari. Mtu anayedai kwamba ana haki katika ardhi ile, kwa mfano mnunuzi aliyelipa bila kuandikishiwa, huiweka kwa msajili akieleza dai lake. Msajili humjulisha mwenye ardhi. Mweka tahadhari anaweza kuiondoa mwenyewe. Akikataa, mahakama au msajili anaweza kuiondoa kwa utaratibu wake. Na aliyeiweka bila sababu ya maana aweza kudaiwa fidia na aliyepata hasara. Watu wengi hawalijui hilo, huiweka kwa hasira.

Ya tatu huwekwa na msajili mwenyewe, kuepusha ulaghai au kwa sababu nyingine ya kutosha, baada ya kuchunguza na kuwasikiliza wahusika. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kinga. Mnunuzi akiiona asikasirike, ashukuru kisha aulize sababu.

Kando ya hizo tatu kuna kibali cha bodi ya ardhi kwa mashamba ya kilimo. Kukosa kibali hakuzuii shamba; hubatilisha mauzo. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Dalali akisema "bodi imezuia", mwulize kama ombi limekataliwa au halijapelekwa. Mara nyingi halijapelekwa.

Sachi ya yule mama ilirudi na tahadhari, iliyowekwa na dada wa muuzaji aliyedai kwamba shamba ni la marehemu baba yao na halijagawanywa. Kwa hiyo lile "kidogo" lilikuwa mwanamke mzima mwenye dai. Mama hakulipa salio. Amemwandikia muuzaji kupitia wakili, akitaka ama urithi ukamilishwe kortini na dada ahusishwe, ama arudishiwe pesa zake, na katika barua hiyo, kwa ombi langu, hakuna mahali palipoandikwa kwamba shamba "limezuiwa". Pameandikwa nani ameweka nini, tarehe gani, na kwa dai lipi.